Chombo cha Kwanza cha Mtoto: Kutoka Hori ya Koyama Hadi Skuta ya Magurudumu Mawili



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, makala hii tunaiandika kwa sababu ya deni. Mzazi mmoja alitujia baada ya swala ya 'Ishaa, amemshika mwanawe ambaye mkono wake umefungwa plasta, akatuuliza, "Maalim, niiuze, niitupe, au nimfundishe?" Hatukuwa na jibu la kumpa usiku ule. Tukamwambia atupe muda tusome kwanza, na tuliyoyasoma ndiyo haya.

Kisa chenyewe ni hiki. Madrasa yetu hapa Kismayu ina ua wa saruji, na katika mtaa wetu ambao njia zake zote ni mchanga, ua huo ndio mahali pekee palipo laini. Kijana huyo wa miaka 10 aliletewa na mjomba wake kutoka Dubai, zawadi ya Idd, ile skuta ya magurudumu mawili isiyo na usukani, ambayo watoto huiita hovabodi. Unasimama juu yake, ukiinamia mbele inakwenda, ukirudi nyuma inasimama. Watoto wakaanza kuja nayo baada ya darasa la alasiri. Nasi tukafurahi, tukasema heri wacheze mbele ya macho yetu kuliko wacheze karibu na barabara. Kwa hakika tulikuwa tunawatazama, na wala hatukuona kitu. Siku ya Alhamisi kijana alipanda akiwa na kanzu yake ya madrasa. Upindo wa kanzu ukaingia baina ya gurudumu na bati lake, skuta ikazunguka, naye akaanguka akiwa ametanguliza mkono. Mifupa miwili ya chini ya mkono ikavunjika.

Baba wa kijana hakutulaumu, Allaah Amjaze kheri. Lakini mtoto alivunjika katika ua wetu na sisi tumesimama, na amana ni amana. Zaidi ya hayo, kijana ana dada yake mdogo ambaye naye ameanza kudai skuta yake.

Mtoto wa kisiwani na hori

Kabla ya kuizungumza skuta, tukumbuke kwamba pwani hii ina historia ndefu ya kuwafundisha watoto kusimama juu ya kitu kisichotulia. Visiwa vyetu vimejipanga mfano wa shanga kuanzia kusini mwa Kismayu mpaka karibu na Ras Kiamboni kwenye mpaka wa Kenya: Koyama, Chovai, Chula na vyenginevyo. Upande wa nje upo mwamba unaovunja mawimbi ya bahari kuu, na baina ya visiwa na bara kuna maji yaliyotulia zaidi. Ndani ya maji hayo ndimo watoto wa Kibajuni walimosomea bahari.

Wazee wetu walisifika kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila ya msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ilionekana katika pwani hii mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ikatoweka mbele ya majahazi ya misumari. Chombo cha kushonwa kina faida yake, kwani kinapopigwa na wimbi au kinapogusa mchanga kinajipinda badala ya kupasuka. Lakini kinavuja. Kwa hivyo kazi ya kufua maji haikuwa na mwisho, na katika vyombo vyetu, vya kushonwa na vya misumari, kufua maji ndiyo kazi ya kwanza apewayo mtoto. Hakupewa usukani, wala tanga. Alipewa kata, akakaa chini kabisa ya chombo, na huko chini mwili wake ukajifunza chombo kinavyolala na kinavyoamka.

Baada ya hapo ndipo alipopewa hori, mtumbwi mdogo wa gogo moja, na kafi. Wakati wake ulikuwa maji ya kupwa, na mahali pake palikuwa maji ya magoti. Hori ni kigeugeu, mwenye kusimama ndani yake ghafla huenda majini. Lakini hatari yake ilikuwa wazi kwa kila mtu: mtoto anaiona, mama aliye ufukweni anaiona, na akianguka ataangukia maji na mchanga. Kusini zaidi, kuanzia Lamu kwenda Zanzibar na Mafia, watu walikuwa na ngalawa yenye mbao mbili za pembeni zinazoizuia isipinduke. Huo nao ni mtumbwi uliosaidiwa kujisawazisha, na umbo lake lina asili moja na mitumbwi ya watu wa visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki walioivuka Bahari ya Hindi zama za kale. Fikra ya kukisaidia chombo kisimsumbue mwenye kukipanda, basi, si ngeni kwetu hata kidogo.

(Yapo maneno mashuhuri ya kuwahimiza wazazi wawafundishe watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Wengi huyanasibisha na Mtume, Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam, lakini wanazuoni wa hadithi wameona udhaifu katika njia zake, na lililo karibu zaidi ni kwamba asili yake ni maagizo ya Sayyidna 'Umar, Radhiya Allaahu 'anhu. Tunawaomba wanafunzi wetu wawe waangalifu wanapoyataja.)

Njia iliyoileta skuta kwetu

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, vita viliufikia upesi mji wa Kismayu na visiwa vyake. Wabajuni, ambao hawakuwa na silaha wala ukoo wa kuwakinga, waliingia katika mashua wakaelekea Kenya. Wako waliofika Lamu, wako waliokaa katika kambi ya Jomvu huko Mombasa, na wako waliokwenda mbali zaidi, Yemen, nchi za Ghuba, Uingereza na Marekani. Baadhi yao walirudi baadaye, na wengi hawakurudi.

Ndiyo maana leo hakuna nyumba ya Kibajuni isiyo na mjomba au shangazi ng'ambo, na zawadi za watoto zinatoka huko. Mtoa zawadi hayajui mazingira ambamo mtoto atakitumia kile kitu, na mpokeaji hajui kitu kimetengenezwa vipi. Babu aliyempa mjukuu wake hori alikuwa ameuona mti wake ukikatwa. Mjomba aliyeinunua skuta aliliona sanduku tu.

Basi tuseme skuta hii ilitoka wapi.

Mwezi wa Desemba 2001 mvumbuzi wa Kimarekani Dean Kamen aliutangazia ulimwengu chombo kiitwacho Segway. Kilikuwa na magurudumu mawili yaliyo ubavu kwa ubavu, jukwaa la kusimama, na mhimili wenye mikono ya kushika. Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000. Wengi walitabiri kwamba kitaibadilisha miji, na haikuwa hivyo. Kilitumiwa zaidi na askari wa doria, wafanyakazi wa viwanja vya ndege na watalii, na utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 2020.

Akili ya chombo hicho ni rahisi kuieleza. Kila mtoto amewahi kusimamisha kijiti juu ya kiganja. Kijiti kikianza kuanguka mbele, unapeleka kiganja mbele ili kukirudisha chini yake. Kikianguka nyuma, unarudisha kiganja nyuma. Skuta inafanya hivyo hivyo. Ndani yake vimo vihisi vinavyopima mwinamo mara nyingi katika kila sekunde, na kompyuta ndogo inayoyaamuru magurudumu yakimbilie upande ambao mtu anaangukia. Kwa maana nyengine, mpandaji anakwenda mbele kwa kuwa anaanguka mbele muda wote, na mashine inamwahi muda wote. Siku mashine isipowahi, kwa betri kwisha au kwa mwendo kuzidi nguvu ya mota, ataanguka kweli.

Tena usidhani kwamba aijuaye mashine amesalimika nayo. Mnamo Septemba 2010 mwenye kampuni ya Segway, Mwingereza Jimi Heselden, alifariki baada ya kuanguka kwenye genge karibu na nyumbani kwake Yorkshire akiwa juu ya chombo cha kampuni yake mwenyewe.

Baadaye Shane Chen, mvumbuzi mwenye asili ya China aishiye jimbo la Washington huko Marekani, aliuondoa mhimili wenye mikono akakigawa kibao katikati, kila mguu na nusu yake. Alikitangaza kwa jina la Hovertrax mwaka 2013 na akapata hati ya uvumbuzi mwaka 2014. Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Kila nusu inausikiliza mguu wake peke yake. Mguu wa kulia ukiinama mbele na wa kushoto ukabaki, chombo kinazunguka. Mtoto anayetetemeka kwa hofu anatoa amri mbili zinazopingana bila ya kujua, na kwa macho yake ni kama kwamba chombo kina jini.

Viwanda vya China viliiga haraka. Kufikia mwaka 2015 bidhaa hiyo ilikuwa ikitoka katika viwanda vingi mno, hasa vya Shenzhen, kwa majina kemkem na bei ya dola mia chache. Viwanda vyengine havikuwa na ujuzi wowote wa betri. Ni mwaka huo huo ilipoenea video ya mtu akitufu Al-Ka'bah juu ya hovabodi, na watu wakagombana sana mitandaoni. Kutufu juu ya kipando kuna asili yake katika Sunnah, kwani Mtume, Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam, alitufu juu ya ngamia, na mafaqihi wamelizungumza la asiye na udhuru. Lakini hilo si la leo.

Moto wa 2015 na yaliyofuata

Mwisho wa mwaka 2015 nyumba zilianza kuungua. Betri ya kawaida ya skuta hizi ni ya lithiamu, yenye seli 20 zilizofungwa pamoja, volti 36 na amp-saa 4.4. Zidisha utapata takriban wati-saa 158, yaani zaidi ya mara kumi ya betri ya simu ya mkononi. Ndani ya kila seli kuna utando mwembamba unaotenganisha pande mbili zisigusane. Seli ikiwa mbovu, au ikijazwa umeme kupita kiasi, au ikibamizwa, utando huo hutoboka, joto likapanda, seli ya jirani ikashika, na kwa muda mfupi sanduku zima likawa moto.

Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kufanya ukaguzi. Kuanzia katikati ya Oktoba 2015 wakaguzi wa bidhaa walizichunguza skuta zaidi ya 17,000 bandarini na viwanja vya ndege, na asilimia 88 walizikuta si salama, kwa plagi, waya, chaja, betri au kile kifaa cha kukata umeme betri inapojaa. Plagi nyengine hazikuwa na fyuzi. Hebu tafakari: katika kila skuta kumi, karibu tisa. Mashirika makubwa ya ndege, Emirates likiwamo, yalizipiga marufuku Desemba ya mwaka huo.

Vilevile waendesha mashtaka wa Uingereza walitangaza Oktoba 2015 kwamba kuipanda skuta hii kwenye njia ya waendao kwa miguu ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1835, sheria ya zama za farasi na punda, na barabarani pia haikubaliki. Inaruhusiwa katika ardhi ya mtu binafsi kwa idhini yake. Ndugu zetu wengi walioko huko hawakulijua hilo. Desemba hiyo hiyo kijana wa miaka 15 aliyekuwa juu ya skuta aligongwa na basi kaskazini magharibi mwa London, akafariki. Innaa liLlaahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Nchini Marekani, tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa iliwaandikia watengenezaji na waagizaji Februari 2016, ikitaja matukio 52 ya moto katika majimbo 24, na kwamba skuta isiyotimiza kiwango kipya cha usalama wa umeme, kiitwacho UL 2272, itahesabiwa kuwa ya hatari. Julai 2016 skuta 501,000 za kampuni kumi zilirudishwa kwa mpigo. Hata hivyo, Machi 2017, mjini Harrisburg katika jimbo la Pennsylvania, nyumba ilishika moto kutokana na skuta iliyokuwa ikichajiwa, na watoto wawili wa kike wakafariki kwa moto huo. Na usiseme kuwa hayo ni ya zamani. Aprili 2022 ndugu wawili wa kike, wa miaka 10 na 15, walifariki kwa moto katika mji mwengine wa jimbo hilo hilo, na mwaka uliofuata skuta 53,000 za muundo mmoja zikarudishwa.

Skuta zilizokatazwa katika nchi moja zinakwenda wapi? Hatuwezi kumtuhumu mtu bila ya ushahidi. Tunachojua ni kwamba chombo kilichotumika hakina pasipoti, na kwamba katika fiqhi ya biashara muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake akainyamazia hana udhuru. Baba wa kijana wetu alipoitazama vizuri skuta ya mwanawe, hakuona alama yoyote ya usalama wala namba ya toleo, na chaja yake ilikuwa na jina la kampuni tofauti kabisa na jina lililo kwenye skuta. Tena alikuwa akiichaji usiku kucha karibu na mlango wa chumba wanamolala watoto, kwa kuwa umeme wa nyumba yao hupatikana jioni. Tuliposoma habari za Harrisburg tulimpigia simu saa hiyo hiyo.

Kununua na kupanda

Sasa turejee kwenye suali lake. Kuhusu skuta ile aliyonayo, rai yetu ni kwamba isiuzwe, kwa sababu kuiuza ni kuihamishia hatari kwa mtoto wa mwengine. Itolewe nje ya nyumba isichajiwe tena. Kumfundisha mtoto kwa chombo chengine ni jambo linalozungumzika, na lina masharti.

Mwenye kununua aitafute alama ya UL 2272, aiangalie kwenye mwili wa skuta na si kwenye sanduku peke yake, kwani alama pia hughushiwa, na ailinganishe namba ya toleo na ile ya mtengenezaji. Chaja iwe ya skuta hiyo hiyo. Kwa betri ya volti 36 chaja sahihi huandikwa volti 42, na chaja ya kuazima kwa jirani haifai hata kama plagi inaingia. Bei ikiwa nusu ya bei za wenzake, kuna kitu kimepunguzwa ndani, na aghalabu ni betri.

Kwa mwanafunzi wa mwanzo zipo skuta ambazo ukiziwasha zinajinyoosha zenyewe sawasawa na ardhi kabla hujaweka mguu. Za zamani zilingoja mguu kwanza, na hapo ndipo wengi walipoangukia. Ichaguliwe ile yenye kujinyoosha, yenye mwendo wa mwanafunzi ambao haupiti kilomita 8 kwa saa au karibu na hapo, na magurudumu ya inchi 6.5 yanatosha kwa saruji. Kwa mchanga hayafai kabisa. Aliyeko Chula au Koyama asijisumbue, gurudumu litazama kabla ya mtoto kufika mlango wa pili.

Uzito nao ni jambo ambalo watu hulidharau. Chini ya kila mguu kuna mpira, na mpira ukibonyea unaziba mwanga mdogo ndani, ndipo mashine inapojua kuwa mtu yupo. Mtoto mwepesi hauubonyezi vizuri, au akishuka mpira hauinuki mara moja, na mashine haijui yupo au hayupo, ikaanza kuzunguka. Skuta nyingi zimeandikwa kilo 20 kuwa kiwango cha chini. Binti yule mdogo tulimpeleka dukani tukampima kwenye mizani ya mchele, akatoa kilo 17. Alilia, lakini mizani haikubadilika.

Kuhusu umri, jumuiya ya madaktari wa watoto wa Marekani inashauri walio chini ya miaka 16 wasipande skuta za mota kabisa. Neno hilo ni zito. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la madaktari hao unaonyesha kwamba katika miaka ya 2015 na 2016 zaidi ya watoto 26,000 walitibiwa katika vyumba vya dharura vya Marekani kwa sababu ya hovabodi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 11, kiungo kilichoumia zaidi ni kifundo cha mkono, na takriban asilimia 40 walikuwa wamevunjika. Wengi waliumia nyumbani, si barabarani. Tuliposoma hayo tuliona kama tunasoma kisa cha ua wetu. Mzazi atakayeamua kungoja mpaka miaka 16 amefanya la sawa, wala asione haya mbele ya majirani. Atakayeona kwamba mtoto wake wa miaka 10 au 12 atapanda tu, kwa ruhusa au kwa kuiba, basi naye ampandishe kwa ruhusa na mbele yake.

Kofia ngumu ivaliwe kabla ya mguu wa kwanza kupanda, na vikinga vya vifundo vya mikono, viwiko na magoti. Viatu viwe vya kufunga, bapa, si kandambili. Na kanzu hapana. Buibui pia hapana, na ncha ya mtandio isining'inie. Mvulana avae suruali isiyobwaga chini. Msichana avae suruali pana iliyobanwa kifundoni chini ya vazi fupi la kusitiri linaloishia magotini, na achezee ndani ya ua wa nyumba. Tumelirefusha hili kwa makusudi, kwani maelezo ya usalama yanayokuja na skuta yameandikwa kwa watoto wa suruali, na watoto wetu ni wa kanzu.

Somo la kwanza liwe karibu na ukuta, mtu mzima amesimama mbele amemshika mtoto mikono yote miwili. Mguu mmoja utangulie ukae karibu na gurudumu, kisha wa pili upande bila ya kusita, maana kusita na mguu mmoja juu ndiko kunakoizungusha. Macho yatazame mbali, si miguuni. Magoti yalegee kidogo. Kwenda mbele hakuhitaji kusukuma, inatosha kuegemea kidogo tu. Kushuka ni kwa nyuma, mguu mmoja baada ya mwengine, wala si kwa kuruka mbele. Mtoto asipande na mkoba mgongoni, na wawili wasipande pamoja. Ikilia kengele ya betri ashuke hapo hapo.

Kuchaji kuwe mchana, watu wakiwa macho, juu ya sakafu tupu, mbali na mlango wa kutokea na mbali na magodoro. Skuta iliyotoka kuchezewa iachwe ipoe kwanza, na ikijaa ichomolewe. Iliyoingia maji ya bahari isichajiwe. Kwenye pwani yetu hilo ni muhimu, kwa sababu chumvi inakula waya polepole na hakuna anayeiona. Anayetaka kupanda nayo ndege aulize shirika kabla ya kufunga mizigo, na asishangae akikataliwa.

Katika ua wetu tumeweka utaratibu. Hakuna skuta siku za madrasa, maana siku hizo watoto wamevaa kanzu na mabuibui. Siku ya Ijumaa alasiri mzazi mwenyewe aje na mtoto wake, na asiyekuja na mzazi hapandi. Kofia ngumu tuliyonayo ni moja, ya pikipiki, na kubwa kwao. Tumewaomba ndugu zetu walioko Mombasa watutafutie za watoto.

Kijana aliondolewa plasta baada ya wiki sita. Mifupa imeunga vizuri, alhamdulillaah, ingawa kuandika ubao wake wa Qur'ani bado anaandika polepole. Mjomba ameahidi kumletea nyengine yenye alama, naye baba yake amesema ataitazama kwanza. Kwa sasa kijana yuko Koyama kwa babu yake kwa likizo. Tumepata habari kwamba anafua maji katika mashua kila asubuhi, kwa mkono wa kushoto.